Upepo wa Matairi kwa Magari Yaliyobadilishwa Rimu

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoteremka alfajiri kutoka Temboni, Korogwe, Baruti na Stop Over kuingia Barabara ya Morogoro yalianza maisha yake Japani, na si machache kati ya hayo yaliyokwisha kuachana na rimu zake za awali. Rimu ya chuma ya inchi 15 imefunguliwa, ikafungwa ya aloi ya inchi 17 inayong'aa. Gari limependeza, na hiyo ni haki ya mwenye gari. Swali linalobaki huulizwa kijiweni kwa haraka, huku mashine ya upepo ikinguruma: sasa lijazwe kiasi gani?

Jibu la kawaida ni "weka thelathini", au kwa fundi mkarimu zaidi, "thelathini na tano kote". Huenda likawa sahihi, lakini kwa bahati tu, kwa kuwa anayejibu hajaangalia gari, tairi wala mzigo.

Kipimo halali cha kuanzia kimebandikwa kwenye gari lenyewe. Mlango wa dereva ukifunguliwa, kwenye nguzo ya mwili wa gari huonekana kibandiko kidogo, mara nyingi chenye maandishi ya Kijapani. Maandishi hayo yasimtishe msomaji, maana tarakimu zinasomeka. Zitaonekana namba za ukubwa wa tairi, kwa mfano 185/65R15, na pembeni yake kiwango cha upepo kwa kPa, kama vile 220. Geji za vijiweni husoma psi, hivyo namba ya kPa igawanywe kwa 6.9: 220 inakuwa takribani psi 32. Kibandiko kikitaja 2.2, hicho ni kiwango kile kile kwa kipimo kingine cha Kijapani, na huzidishwa kwa 14.2.

Tatizo ni kwamba kibandiko kinazungumzia tairi ambalo halipo tena. Hapo ndipo wengi hukosea, wengine kwa kukifuata neno kwa neno, wengine kwa kukipuuza kabisa. Kinachotakiwa ni kuelewa kibandiko kinalinda nini.

Kinachobeba gari ni hewa iliyobanwa ndani ya tairi. Mpira na nyuzi zake kazi yao ni kuizuia hewa hiyo isitoke na kulishika gari barabarani. Hewa ikipungua, ukuta wa tairi hupinda kupita kiasi kila gurudumu linapozunguka; kupinda huzaa joto, na joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka za ndani. Ndiyo maana tairi hupasuka kilomita nyingi baada ya kosa kutendeka, wakati dereva ameshasahau ni lini alipima upepo mara ya mwisho. Aghalabu lawama huangukia jua, au tairi lenyewe kwamba ni bovu.

Mfano mmoja ufuatwe hadi mwisho. Tairi la 185/65R15 lina upana wa milimita 185, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani takribani milimita 120. Nyuma ya ukubwa huo huandikwa namba ya uwezo wa kubeba, ambayo kwa tairi hili kwa kawaida ni 88. Namba 88 ina maana ya kilo 560 kwa tairi moja, lakini uwezo huo hupatikana tairi likiwa na upepo wa 250 kPa. Kwa 220 kPa iliyo kwenye kibandiko, tairi hilo linabeba takribani kilo 505. Hizo kilo 505 ndizo mtengenezaji wa gari alizokusudia, na ndizo zinazopaswa kulindwa hata rimu zikibadilishwa.

Sasa mwenye gari amefunga 205/45R17. Kimo cha gurudumu zima hakikubadilika sana, hivyo kipimamwendo bado kinasema ukweli. Ukuta wa tairi, hata hivyo, umeshuka hadi milimita 92, na nafasi ya hewa imepungua. Tairi la ukubwa huu huuzwa kwa aina mbili. Ya kwanza ina namba 84, yaani kilo 500 kwa 250 kPa. Hapa hesabu inagoma: hata likijazwa hadi psi 36, halifikii uwezo wa tairi lililotolewa likiwa na psi 32. Aina ya pili ina namba 88 na herufi XL, kuonyesha kwamba limeimarishwa. Hilo hubeba kilo 560, ila kwa 290 kPa. Ili libebe zile kilo 505 linahitaji takribani 255 hadi 260 kPa, ambazo ni psi 37 au 38. Aliyekariri "thelathini" anaendesha akiwa amepungukiwa psi saba au nane bila kujua, na tairi fupi halioneshi unyonge wake kwa macho kama lifanyavyo tairi refu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia matairi, mnunuzi asome namba ya uwezo iliyo ubavuni. Namba 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 86 ni 530, 88 ni 560, na 91 ni 615. Tairi jipya lisiwe na namba iliyo chini ya ile ya tairi la awali, na likiwa la XL, upepo wake upande juu ya kibandiko. Watengenezaji wa matairi huchapisha majedwali ya mizigo na upepo. Muuzaji makini anaweza kuyaonyesha. Iwapo kibandiko kinatofautisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, tofauti hiyo ibaki vilevile.

Ubavuni pia huandikwa kiwango cha juu kabisa, mara nyingi psi 44 au 51. Baadhi ya madereva hudhani hilo ndilo agizo. Huo ni ukomo tu, sawa na idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye daladala, ingawa mfano huo wa daladala una historia yake. Tairi lililojazwa kupita kiasi hushika lami kwa sehemu ya katikati tu, na huchakaa hapo. Likilika pande zote mbili na kubaki katikati, upepo ulikuwa mdogo. Likilika upande mmoja, suala ni alaimenti, si upepo.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limelala usiku kucha au limesimama saa tatu. Kwa mkazi wa milimani hili lina ugumu wake, kwa sababu akifika kijiweni Kimara Mwisho tairi limeshapata joto na geji inasoma juu. Dawa ni kuwa na geji yake nyumbani. Akikuta asubuhi psi 29 na anahitaji 37, pungufu ni nane; kijiweni geji ikisoma 32, ajaze hadi 40. Tairi la moto lisipunguzwe upepo kamwe, kwani likipoa litakuwa limepungukiwa.

Wapo wanaopunguza upepo makusudi ili gari lisirushe abiria kwenye barabara za vumbi za mitaani. Kwa tairi refu kosa hilo lina nafuu. Kwa tairi la ukuta wa milimita 92, shimo moja linatosha kupinda rimu au kukata nyuzi za ubavuni, na uvimbe ukionekana hapo, tairi hilo halitengenezeki. Anayeishi mwisho wa barabara ya mawe angefanya vyema kubaki na inchi 15 au 16. Kwake rimu ya inchi 17 ni pambo la gharama.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mwezi Desemba, familia zinapopakia watoto watatu, magunia na zawadi kwa safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Moshi. Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, umeruhusu mwendo mkubwa mapema katika safari, hivyo tairi lililopungukiwa huanza kupata joto hata kabla ya Chalinze. Upepo upimwe nyumbani asubuhi ya safari, baada ya mzigo kupakiwa, na kwa kiwango cha mzigo kamili ikiwa kibandiko kimekitaja.

Tairi la akiba nalo litolewe chini ya zulia la buti. Lile jembamba lililokuja na gari huhitaji 420 kPa, yaani psi 60, na haliendeshwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Aliyebadilisha rimu ahakikishe pia kwamba nati za aloi zinashika kwenye rimu hiyo ya chuma. Kama hazishiki, nati za zamani zikae kwenye buti pamoja na jeki.