Chanjo ya Bure Nayo Ina Gharama

Mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zilianza kuwapa watoto wa maeneo kadhaa chanjo ya malaria. Kampuni ya GSK iliahidi kutoa bure hadi dozi milioni 10. Gavi, Unitaid na Mfuko wa Dunia wakachangia fedha. Je, gharama ziliishia hapo? La hasha! Chanjo lazima ikae kwenye baridi, ifikishwe zahanati, na wauguzi wafundishwe. Tena Kenya ilipanga dozi nne, ya mwisho mtoto akiwa na miezi 24. Bajeti ikikauka katikati, mtoto hubaki na kinga pungufu. Basi tunaposhukuru kwa msaada, tuulize pia: mafuta ya gari la chanjo yametengewa fungu hadi dozi ya mwisho?