Neno "Dawa" na Majivu ya Mbao za Ujenzi: Mfano wa Sondu

Katika mji wa Sondu, ulioko kando ya mto wenye jina hilo kwenye mpaka wa kaunti za Kisumu na Kericho, mabaki ya mbao za ujenzi hayatupwi ovyo. Nyumba inapokamilika, vipande vya saiprasi vilivyosalia baada ya kuezeka, fito za mikaratusi zilizoshikilia zege na mapande ya plaiwudi aghalabu huishia jikoni. Hilo si la kushangaza. Ingawa kituo cha umeme cha Sondu-Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, kilianza kazi jirani na hapo mnamo 2008, ugali wa nyumba nyingi ungali unapikwa kwa kuni. Mbao safi iliyokauka ni kuni nzuri. Tatizo liko katika mbao "zilizotiwa dawa".

Kiswahili hutumia neno hili kwa kinachoponya na kinachoua: dawa ya kikohozi, dawa ya panya. Katika "dawa ya panya", anayekusudiwa kufa ametajwa. Katika "mbao za dawa" hakutajwa, na msikilizaji huachiwa maana ya uponyaji. Dholuo, lugha ya wakazi wengi wa eneo hilo, inalikaribisha kosa hilo zaidi, kwani neno "yath" ni mti na ni dawa pia. Mpishi aliyeambiwa kwamba nguzo imetiwa dawa hajaonywa lolote.

Dawa inayotumiwa sana katika nguzo za umeme na za ua nchini Kenya ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo, hivyo kuosha au kukwangua hakuiondoi. Moto nao hauiangamizi, kwa kuwa aseniki ni elementi: sehemu yake hupaa na moshi, na sehemu kubwa hubaki katika majivu, ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa katika mti wenyewe. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia katika mbao nyingi za makazi kufikia mwisho wa 2003.

Hapa ndipo jiko la Sondu linapotofautiana na lile la Ulaya, ambako majivu huzolewa na kutupwa. Katika nyumba za magharibi mwa Kenya, majivu yana kazi. Husugulia sufuria, hunyunyiziwa mboga shambani ili kufukuza wadudu, huchanganywa na nafaka ghalani. Maji yaliyochujwa kwayo hulainisha mrenda chunguni. Aghalabu majivu ya kuchuja hutokana na maganda ya maharagwe, lakini jiko ni moja. Kwa njia hiyo sumu iliyokusudiwa mchwa yaweza kufika sahanini hata kama moshi wote umetoka dirishani.

Kwa hiyo uchambuzi hufanywa kabla ya moto kuwashwa. Mti wenye rangi ya kijani iliyofifia, hasa kwenye ncha zilizokatwa, usiingie jikoni. Wala nguzo nyeusi yenye harufu kama ya lami, ambayo imetiwa kreosoti. Rangi ya kijani hupauka kwa jua, hivyo nguzo kuukuu isiyojulikana ihesabiwe kuwa na sumu. Plaiwudi ina gundi ambayo moshi wake huwasha macho na kifua. Mbao za zege mara nyingi hupakwa oili chafu ya magari ili zisigande. Hizo nazo ziwekwe kando, pamoja na zilizopakwa rangi. Fundi aliyeezeka ndiye wa kuulizwa, naye aulizwe kwa jina la kitu: je, alipaka sumu ya mchwa?

Zinazobaki, yaani saiprasi tupu na mkaratusi mkavu, zing'olewe misumari, zipasuliwe vipande vyembamba na kutiwa vichache vichache, maana huwaka upesi na kwa ukali kuliko magogo. Mlango na dirisha viachwe wazi. Nguzo za kijani zaweza kutumika tena kuzungushia ua, mbali na kisima. Ikiwa zimekwisha kuchomwa, majivu yake yasiguswe kwa mikono mitupu, yasipelekwe shambani wala ghalani.