Je, Wajua? Wikiendi ya Mgeni Nanjing

Je, wajua kwamba kutoka Nanjing hadi Shanghai, kilomita zipatazo 300, treni ya mwendokasi hutumia saa moja na ushei tu? Umbali si kitu kwa anayeishi mji huu. Kinachomla mtu wikiendi yake ni milango: wa stesheni, wa makumbusho, wa gesti.

Je, wajua kwamba pasipoti ndiyo tiketi? Tangu mwaka 2020 treni hizo zimeachana karibu kabisa na tiketi za karatasi. Mchina hugusisha kitambulisho chake getini akapita. Mgeni mara nyingi huelekezwa pembeni, kwa mhudumu. Jina ulilojaza wakati wa kukata tiketi lilingane na la pasipoti, kwa hiyo sisi wenye majina matatu, la tatu refu kuliko mawili ya mwanzo, tuhakiki kabla ya kulipa. Geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Tena soma vizuri jina la stesheni: ile ya Nanjing iko kando ya Ziwa Xuanwu, na ya Nanjing Kusini, iliyofunguliwa 2011, iko upande mwingine kabisa wa mji. Ukikosea hapo usihangaike kukimbia. Nenda dirishani ukabadilishe tiketi.

Je, wajua kwamba serikali ya China hukopa wikiendi za watu? Mwaka 2024 Sikukuu ya Taifa ilipumzikiwa Oktoba 1 hadi 7. Siku saba, tamu kuzisikia. Lakini tatu tu ndizo za sikukuu, mbili zilikuwa Jumamosi na Jumapili za kawaida, na mbili zilizobaki zililipwa kwa kwenda kazini Jumapili ya Septemba 29 na Jumamosi ya Oktoba 12. Wachina wenyewe hulalamika kila mwaka, hivyo mgeni asidhani anaonewa.

Je, wajua kwamba tangu 2012 magari madogo hayalipi ushuru wa barabara kuu katika sikukuu kubwa za taifa? Bure hiyo watu huilipa kwa foleni.

Je, wajua kwamba ramani inaweza kukuzamisha mtoni? Sheria ya China inataka ramani za umma zitumie mfumo wa GCJ-02, ambao husogeza kila mahali kwa makusudi, mara nyingi kwa mita mia kadhaa. Ukiweka vipimo vya kawaida vya GPS juu ya ramani hiyo bila kurekebisha, utajiona umesimama katikati ya Yangtze ilhali uko kituo cha basi. Tumia programu za wenyeji, hata kama unasoma Kichina kwa kubahatisha.

Je, wajua kwamba ukilala hotelini, hoteli ndiyo inayokusajili polisi, lakini ukilala kwa rafiki kazi hiyo ni yako, na ndani ya saa 24?

Je, wajua kuhusu ngazi zinazotoweka? Kaburi la Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri ya 1912, liko Mlima Zijin, na kulifikia ni ngazi 392. Ukiwa chini unaona ngazi tupu mpaka juu. Ukifika ukageuka, huoni hata moja, unaona majukwaa mapana ya kupumzikia tu. Msanifu wake, Lü Yanzhi, alifariki mwaka 1929, mwaka uleule Sun alipozikwa hapo. Kiingilio ni bure, ila nafasi huwekwa mapema na Jumatatu kaburi hufungwa. Julai, joto la Nanjing likiwa limepamba moto, ngazi hizo ni adhabu. Nenda Novemba.

Je, wajua kwamba matofali ya ukuta wa mji, uliojengwa karne ya 14, yamechapwa majina ya walioyafyatua na maofisa waliowasimamia? Tofali likipasuka, mwenyewe alijulikana. Zimebaki kilomita kama 25 za ukuta huo.

Na je, wajua kwamba Malindi ina historia na mji huu? Zheng He, Mwislamu kutoka Yunnan, aliongoza safari saba za baharini kati ya 1405 na 1433, na meli zake nyingi ziliundwa Nanjing. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga, na watu wa ikulu wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri wa hadithi za Kichina. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua sarafu ya enzi ya Yongle huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Karakana ya meli hizo leo ni bustani yenye mabwawa marefu ya kuundia meli. Mwaka 1957 hapo palifukuliwa mti wa usukani wenye urefu wa mita 11. Mtu wa pwani mwenye Jumamosi moja tu ningemwambia aanzie huko, Shanghai ingoje.