Kukosoa na Kusaidiana katika Jumuiya ya Ramani Huria: Mfano wa Soweto East, Kibera

1. Utangulizi

Kitenzi kosoa kimeundwa kutokana na kosa kwa kiambishi cha kutendua, kile kile kinachotoa fungua katika funga na chomoa katika choma. Kwa asili yake, basi, kukosoa si kulaumu. Ni kuliondoa kosa mahali lilipo, kama vile kufungua kulivyo kuondoa kifungo. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo imeelemea upande wa lawama, hata mtu akikosolewa mbele ya wenziwe huona amevunjiwa heshima. Hata hivyo zipo jumuiya za kisayansi, hasa zile zinazofanya kazi zao kwa njia ya intaneti, ambazo haziwezi kuendelea hata siku moja bila ya maana ile ya asili. Katika jumuiya za namna hiyo anayesaidia na anayepinga aghalabu ni mtu mmoja, na tendo lake ni moja.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotendeka katika jumuiya ya watu wanaochora ramani huria ya dunia, iitwayo OpenStreetMap, kwa kuangalia mtaa wa Kibera jijini Nairobi na hususa kijiji chake cha Soweto East. Itaonyeshwa kwamba kukosoana kwa faida kunahitaji masharti matatu: ushahidi unaoweza kukaguliwa na mwingine, kumbukumbu ya kila badiliko, na lugha ambayo mwenye ujuzi anaweza kuitumia. Masharti mawili ya kwanza yamekwisha kupatiwa njia. La tatu bado lina upungufu, nalo ndilo linalowahusu hasa wanafunzi wa lugha za Kiafrika.

2. Kibera na Soweto East

Kibera iko kusini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, mwendo wa kilomita tano hivi. Jina lake linatokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, kwa kuwa waliokaa hapo mwanzo walikuwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, waliopewa ardhi hiyo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baadaye walihamia watu wa makabila yote ya Kenya. Leo Kibera imegawanyika katika vijiji zaidi ya kumi, miongoni mwavyo Kianda, Gatwekera, Makina, Mashimoni, Lindi, Laini Saba, Silanga, Soweto West na Soweto East.

Soweto East iko upande wa mashariki. Jina hilo lilitoka Afrika Kusini, nako huko ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mitaa ya kusini-magharibi. Kijiji hiki kilijulikana zaidi pale kilipochaguliwa kuwa cha kwanza katika mpango wa kuboresha makazi duni, ambao serikali ya Kenya ilitia sahihi mkataba wake na shirika la UN-Habitat mwaka 2003. Septemba 2009 wakazi wa sehemu ya kwanza ya kijiji walianza kuhamishiwa nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata, ili vibanda vyao vibomolewe na majengo ya ghorofa yajengwe mahali pake. Baadhi ya wenye vibanda walipinga mahakamani, na kazi ikachelewa. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016.

Mpango wa namna hii huanza kwa kuhesabu na kuchora: nani anakaa wapi, kibanda ni cha nani, njia inapita wapi. Kosa katika hesabu hiyo si jambo la karatasi tu, kwani familia iliyosahauliwa katika orodha huweza kubomolewa nyumba bila ya kupewa nyingine. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kuikosoa ramani ni swali zito kwa watu wa Soweto East.

3. Jinsi jumuiya inavyofanya kazi

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Msingi wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuongeza au kurekebisha ramani, na yeyote anaweza kuitumia bila ya malipo. Hadi mwaka 2009 Kibera ilikuwa takriban doa tupu katika ramani hiyo, ingawa maelfu ya watafiti na mashirika walikuwa wamekwisha kupita humo na kuondoka na takwimu zao. Mwishoni mwa mwaka huo Mikel Maron na Erica Hagen walianzisha pamoja na wenyeji kazi iliyoitwa Map Kibera. Vijana 13 wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakatembea vichochoroni wakiandika mahali pa mabomba ya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti, kisha wakayaingiza yote katika ramani ya dunia. Kazi hiyo ya kwanza ilichukua wiki chache tu. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila hapa uponyaji ulitegemea mwenyeji mwenyewe kushika kifaa.

Chukuliwe mfano wa kijana anayeweka katika ramani nukta ya bomba la maji. Nukta hiyo haipitii kwa mkuu yeyote kupata idhini. Huonekana mara moja. Lakini jina la aliyeiweka na saa aliyoiweka huhifadhiwa, na kila toleo lililotangulia hubaki likisomeka. Mwingine, aliye jirani au aliye bara la mbali, akiona kwamba bomba limewekwa juu ya paa la nyumba, anaweza kulisogeza, au kumwandikia mwenzake kumwuliza. Wapitao njia wasiojua kuchora nao wana mlango wao, kwani tangu 2013 mtu anaweza kuacha kidokezo juu ya ramani akieleza kosa aliloliona, ili mjuzi alirekebishe.

Watu wawili wakishindana, kanuni inayotumiwa kuamua ni moja: lipi linaloonekana pale penyewe, kiasi kwamba mtu wa tatu akienda ataliona pia? Cheo, umri na elimu ya anayesema havihesabiwi. Hapa ndipo jumuiya hii inapostahili kuitwa ya kisayansi, ijapokuwa wengi wa watu wake hawana shahada. Dai hukubaliwa kwa kuwa linaweza kukaguliwa, wala si kwa kuwa mtu fulani amelitoa. Na anayekagua hamfedhehi mwenzake, humpunguzia mzigo.

4. Ubishi juu ya idadi ya watu

Nguvu ya ubishi wa namna hii ilionekana wazi katika suala la idadi ya wakazi wa Kibera. Kwa miaka mingi magazeti na mashirika ya misaada yalirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na kwamba ndiyo makazi duni makubwa kuliko yote Afrika. Kila aliyeandika alimnukuu aliyemtangulia, na hakuna aliyeonyesha hesabu yenyewe.

Hesabu zilipofanywa, matokeo yalikuwa mbali na hayo. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Stefano Marras, ambacho kazi yake ni tofauti na ile ya Map Kibera ingawa majina yanakaribiana, kilihesabu watu nyumba kwa nyumba katika kijiji cha Kianda, kikakadiria kwamba Kibera nzima ina watu kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya serikali ya mwaka 2009, iliyotangazwa 2010, ilitoa idadi ya 170,070. Watafiti wa taasisi ya Kifaransa ya IFRA jijini Nairobi walifikia kadirio la watu 200,000 hivi mwaka 2011.

Hesabu hizi hazikubaliani, na sababu zake ni za kufundisha. Ya kwanza ni mpaka: Kibera inaanzia wapi na kuishia wapi? Sensa ya 2019, kwa mfano, ilihesabu watu 185,777 katika wilaya ndogo ya Kibra, ambayo ina ndani yake pia mitaa isiyo ya vibanda. Nambari hiyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za awali. Ya pili ni kitu kinachohesabiwa. Mtu anayetazama picha ya setilaiti huona mapaa ya mabati yaliyogusana. Chini ya paa moja refu kuna vyumba vingi, kila kimoja na mlango wake na familia yake, na vingine havina mtu. Anayehesabu mapaa na anayehesabu milango hawahesabu kitu kimoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini anayekilalia naye hawezi kukiona chote kwa mara moja. Wote wawili wanahitajiana.

Ubishi huo haukukosa uchungu. Wapo waliohofu kwamba nambari ndogo ingefanya serikali na wafadhili wapunguze msaada. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haiwezi kuwa hoja dhidi ya hesabu. Choo kimoja kinachotumiwa na mamia ya watu ni haba, hata kama mtaa una watu laki mbili badala ya milioni, na ni hesabu ya kweli itakayoonyesha vyoo vingapi vinahitajika na mahali gani.

5. Suala la lugha

Sharti la tatu, yaani lugha, ndilo gumu zaidi. Katika OpenStreetMap kila kitu hupewa lebo inayoeleza ni kitu gani, na lebo hizo huandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza. Majina ya mahali yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, hata kwa lugha kadha sambamba; hivyo Kibera na Kibra zinaweza kukaa pamoja bila ya moja kuifuta nyingine. Lakini aina za vitu hupangwa kwa mjadala, na mjadala mkubwa huendeshwa kwa Kiingereza.

Madhara yake yanaonekana katika mambo madogo. Kiswahili hutofautisha barabara, njia, kijia na kichochoro. Kwa mkazi wa Soweto East tofauti hizi zina maana: barabara hupitisha gari la zimamoto, njia hupitisha mkokoteni wa maji, na katika kichochoro watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujibana ukutani. Nyumba zikiungua usiku, tofauti hiyo ni ya uhai na mauti. Mchoraji wa mbali ambaye huona mstari mmoja tu kati ya mapaa hawezi kujua ni upi kati ya hiyo.

Kadhalika neno mwenye nyumba. Kibera aitwaye hivyo humiliki kibanda tu. Ardhi si yake. Kwa sababu hiyo hati za Kiingereza za mpango wa makazi zilimwita mwenye jengo, ili kumtenga na mwenye ardhi. Tofauti hiyo ilikuwa kiini cha ugomvi wa Soweto East: ni nani aliyestahili nyumba mpya, mpangaji anayekaa ndani au mwenye nyumba anayepokea kodi? Mzee aliyeishi hapo miaka arobaini anaweza kueleza historia ya kila chumba kwa Kiswahili au kwa Kinubi. Ikiwa uwanja wa hoja ni wa Kiingereza peke yake, ujuzi wake haufiki, na makosa ambayo yeye angeyaona hubaki yamekaa.

Njia iliyotumiwa Kibera ni kuirudisha ramani mikononi mwa wakazi. Ramani zilichapishwa katika karatasi, zikajadiliwa mikutanoni, na vijana waliojifunza kuchora wakawa wakalimani kati ya baraza na kompyuta. Dar es Salaam hatua moja zaidi ilipigwa mwaka 2015, pale wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walipoanza kuchora mitaa yao katika mradi ulioitwa Ramani Huria. Jina lenyewe lilikuwa somo, kwa kuwa neno huria lilieleza bila ya ufafanuzi kwamba ramani ile haina bwana.

Kiswahili kina akiba ya kutosha kwa kazi hii. Kubisha ni kukataa. Kuhoji ni kudai sababu. Kukosoa ni kuondoa kosa. Kusahihisha ni kuweka sahihi mahali pake. Vitenzi hivi vinne vinaonyesha hatua ambazo mjadala wa kisayansi hupitia. Anayekoma kwenye hatua ya kwanza amebisha tu, hajasaidia. Kinachohitajika ni istilahi za ramani zilizokubaliwa na kuandikwa, na wasomi wa lugha walio tayari kuketi na wachoraji wakati istilahi hizo zinapoundwa, wala si kuzipeleka baadaye zikiwa tayari katika vitabu.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika jumuiya ya ramani huria kukosoa ni sehemu ya kusaidia, na kwamba jambo hilo huwezekana kwa kuwa ushahidi uko wazi na kumbukumbu hazifutwi. Mfano wa idadi ya watu umeonyesha faida yake: uvumi wa miaka mingi ulishindwa na hesabu, na hesabu zenyewe zikaendelea kuhojiana.

Kibera haisimami. Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba ili kupitisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na ramani iliyokuwa sahihi juzi ikawa na makosa. Picha ya setilaiti itaonyesha kwamba mapaa yametoweka. Walikokwenda waliokaa chini yake, na bomba lipi wanalitegemea sasa, atasema aliye pale, kwa lugha anayoimudu. Jumuiya itakayomwezesha kusema hayo, na kumpinga kwa adabu anapokosea, ndiyo itakayokuwa na ramani ya kuaminika.