Mtoto Anapokosa Maneno: Jinsi Michoro, Nyimbo na Maigizo Vinavyosaidia

Mtoto wako alikuwa mchangamfu, sasa amekuwa mkimya. Ameanza tena kukojoa kitandani, anashtuka usiku, au anang'ang'ania kanga yako kila unapotoka. Ukimuuliza ana nini, anajibu, "Hakuna kitu." Huenda hakufichi. Mtoto aliyepatwa na jambo la kutisha mara nyingi hukosa maneno ya kulieleza.

Murungu na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu ni jirani wa watu waliopitia mengi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta ikafunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi. Lakini majeraha ya moyo hayako kambini tu. Msiba, kipigo na ugomvi wa wazazi huumiza watoto hata katika nyumba zetu.

Kwa nini sanaa husaidia?

Hofu hukaa hata mwilini: moyo kwenda mbio, tumbo kuuma, misuli kukaza. Kuimba hurefusha pumzi na kutuliza mwili. Kucheza ngoma na wenzake humkumbusha mtoto kwamba hayuko peke yake. Akichora au akifinyanga, anaweza kulitazama jambo kwa umbali kidogo. Akimsemea mwanasesere, anaweza kutamka lile asiloweza kulisema kwa jina lake.

Ufanye nini nyumbani?

- Tumia ulivyo navyo: mkaa, udongo wa mfinyanzi, kijiti cha kuchorea chini, majani makavu ya migomba ya kutengenezea mwanasesere.
- Tenga muda mfupi, ikiwezekana saa ileile kila siku. Mtoto aliyetishwa hutulia anapojua kinachofuata.
- Mwache achague. Mwambie, "Nieleze kuhusu mchoro wako." Usimuulize, "Huyu ni nani? Alikufanya nini?"
- Usisahihishe, usicheke, na usiwaonyeshe majirani bila ridhaa yake.
- Malizia kwa wimbo anaoupenda au hadithi ya bibi.

Mchoro mmoja wa kutisha si ushahidi kwamba kuna jambo baya. Angalia mwenendo wake kwa siku kadhaa.

Sanaa na haki

Kumtuliza mtoto hakutoshi ikiwa anayemuumiza bado yupo. Hapo sanaa huisaidia jamii nzima kusema. Mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, kilianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitunga maigizo kuhusu matatizo yanayowakwamisha shuleni, yakiwamo kusumbuliwa kimapenzi na mimba, kisha wakayajadili na walimu na jamii.

Kikundi chenu cha akina mama kinaweza kufanya vivyo hivyo. Tungeni igizo fupi la kubuni, mlionyeshe mkutanoni, kisha muwaulize watazamaji: nani angeweza kumsaidia huyu mtoto, na lini? Msitumie kisa cha mtu anayejulikana kijijini. Kamwe msimwigizishe mtoto yaliyompata mbele ya watu; hiyo humrudisha kwenye maumivu yaleyale.

Wakati wa kutafuta msaada

Mpeleke kituo cha afya ikiwa dalili zimezidi mwezi mmoja, au hali wala halali vizuri. Akisema anataka kufa au anajiumiza, usingoje.

Ukijua au ukishuku amebakwa, mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Usimwogeshe kwanza, na hifadhi nguo alizovaa. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116 bila malipo.

Nawe, mama, mlezi: usibebe haya peke yako. Imba na wenzako, lia ukihitaji, omba msaada. Mtoto hutulia haraka zaidi akiwa na mlezi aliyetulia.