Bati jipya linadanganya kipimajoto

Saa nane mchana Ndhiwa, gusa bati jipya uone: linaunguza. Sasa lielekezee kipimajoto cha miale, kile cha umbo la bastola. Namba inatoka chini, eti bati halina neno! Si kwamba kimeharibika. Bati linalong'aa hutoa miale michache ya joto na huakisi ile ya angani. Bandika utepe mweusi usiong'aa, subiri kidogo, pima hapo hapo. Namba inapanda.

Maabara nazo hufanya hivyo. Njia iliyoanza 1961 humulika upande mmoja wa kipande chembamba kwa mwanga mkali wa ghafla, kisha hupima upande wa pili unachukua muda gani kupata joto. Ndipo hujulikana joto hupenya kwa kasi gani. Kipande kinachong'aa hupakwa grafaiti nyeusi kwanza. Unene nao ni muhimu: ukikosea kwa asilimia 1, jibu linapotoka kwa karibu 2.

Kwa hivyo ukijenga, na muuzaji akusifie dari "inayozuia joto", usiharakishe kutoa pesa. Muulize: mlipimaje?