Kilicho Karibu na Mwezi na Kilicho Mbali Nao

Mambo mengi ya kustaajabisha yanayoonekana usiku kandokando ya mwezi hayako karibu na mwezi hata kidogo, kwa kuwa jicho la binadamu linapotazama angani hupambanua pembe tu, wala halina njia ya kupima umbali. Duara la nuru linaloonekana kuuzunguka mwezi hutokea chini ya kilomita 20 kutoka ardhini; mwezi wenyewe uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400; na ile inayodhaniwa kuwa nyota imeugusa mwezi huweza kuwa sayari iliyo mbali mara mamia kupita hapo. Anayetaka kujua alichokiona aanze basi kwa kuuliza kiko umbali gani, na mara nyingi jibu la kwanza hupatikana kwa kipimo cha mkono.

Duara kubwa lenye weupe hafifu, ambalo watu hulipiga picha na kutumiana kwa simu kila linapojitokeza, lina ukubwa usiobadilika: kutoka katikati ya mwezi hadi kwenye duara ni nyuzi 22, ilhali upana wa mwezi wenyewe ni takriban nusu nyuzi. Mtu akinyoosha mkono mbele na kuupanua, shubiri yake kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho hufunika karibu nyuzi 20. Kwa hiyo gumba likiwekwa juu ya mwezi na kidole cha mwisho kikakaribia kuufikia mviringo wa nuru, hakuna haja ya kubahatisha, kwani hilo ni duara la barafu.

Barafu angani juu ya Mombasa au Unguja, usiku ambao watu wanalala bila shuka kwa joto, ni jambo linaloonekana kupingana na akili, lakini halijoto hupungua kadiri mtu anavyopanda, na katika ukanda wa tropiki huteremka hadi kiwango cha kuganda kwa maji kwenye kimo cha kilomita tano hivi. Ndiyo sababu kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, bado kina barafu ingawa kiko karibu na ikweta. Juu zaidi ya hapo hutanda mawingu membamba yaitwayo sirostratasi, ambayo ni utaji wa fuwele za barafu, yaani chembe ngumu zenye maumbo ya mpangilio maalumu, na aghalabu kila fuwele huwa na pande sita. Mwali wa mwezi ukiingia kupitia ubavu mmoja wa fuwele na kutokea ubavu wa pili baada ya kuruka ule wa jirani, huwa umepita kwenye kabari ya barafu yenye pembe ya nyuzi 60, nao hupinda mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Fuwele zimeelekea kila upande, hivyo miali hupinda kwa viwango tofauti, ila hakuna unaoweza kupinda chini ya nyuzi 22 hivi, na iliyo mingi husongamana karibu na kiwango hicho. Kutokana na msongamano huo ukingo wa ndani wa duara huwa mkali, na anga iliyo ndani yake huonekana nyeusi kuliko ya nje, jambo ambalo wengi hulitazama bila kuling'amua.

Rangi zimo pia: nyekundu hupinda kidogo kuliko nyingine, kwa hiyo hukaa upande wa ndani. Hata hivyo nuru ya mwezi mpevu ni dhaifu takriban mara 400,000 kuliko ya jua, na jicho katika giza hutumia chembe zisizotambua rangi, ndiyo maana kamera huonyesha wekundu ambao mtazamaji angeapa kwamba haukuwapo. Aristotle aliliona duara hilo kuwa nuru iliyoakisiwa na wingu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri katika karne ya 11, aliliandikia risala pamoja na upinde wa mvua. Lakini maelezo ya fuwele zenye kabari ya nyuzi 60 yalitolewa katika karne ya 17 na Edme Mariotte wa Ufaransa.

Imani kwamba duara hilo ni dalili ya mvua ina ukweli wa mahali. Katika nchi za Ulaya sirostratasi mara nyingi hutangulia hewa ya joto inayopanda taratibu juu ya hewa ya baridi, na mvua hufuata baada ya saa kadhaa au siku moja. Afrika Mashariki mawingu hayo huwa aghalabu mabaki ya vilele vya mawingu ya radi yaliyopeperushwa na upepo wa juu, na mvua yenyewe huenda imekwisha kunyesha kwingine; mkulima anayepanda kwa kufuata duara peke yake anacheza bahati nasibu.

Pete ndogo za rangi zinazoubana mwezi ni jambo jingine kabisa. Upana wake ni wa nyuzi chache tu, wekundu wake uko nje wala si ndani, na chanzo chake ni matone ya maji yenye kipenyo cha takriban sehemu moja ya mia ya milimita, ambayo hayapindishi nuru kama barafu ifanyavyo, bali huyafanya mawimbi yake yatawanyike yanapopita kandoni mwa tone na kuingiliana. Kadiri matone yalivyo madogo ndivyo pete zinavyotanuka, hivyo anayezitazama anapima matone ya wingu kwa macho matupu.

Yale yanayotoka mbali zaidi ya mwezi huvuta macho ya watu wengi zaidi. Jioni ya tarehe 24 Machi 2023, mwanzoni mwa Ramadhani, sayari ya Zuhura ilionekana karibu mno na hilali, ikazua maneno mengi ya ishara na miujiza, ingawa wakati huo ilikuwa zaidi ya kilomita milioni 150 nyuma yake. Mwezi husogea kuelekea mashariki kati ya nyota kwa kiasi cha upana wake kila saa, na kwa kuwa njia yake na za sayari zinakaribiana angani, kukutana kwa namna hiyo hutokea kila mara. Wakati mwingine mwezi hukifunika kabisa kilicho nyuma yake, na ikiwa ni nyota, hutoweka ghafla badala ya kufifia, kwa kuwa mwezi hauna angahewa ya kuipunguza nuru hiyo hatua kwa hatua.

Kwa hiyo nyota haiwezi kuonekana katikati ya pembe mbili za hilali kama inavyochorwa kwenye baadhi ya bendera, kwani hapo pana mwili wa mwezi usioangazwa na jua. Hata hivyo tarehe 7 Machi 1794 watu wawili nchini Uingereza, mmoja Norwich na mwingine London, walieleza kuwa wameona nukta angavu mfano wa nyota ndani ya sehemu yenye giza ya mwezi, na taarifa zao zikachapishwa na Royal Society. Jioni hiyo hiyo mwezi ulikuwa ukiifunika nyota ya Aldebarani, na maelezo yaliyo mepesi kukubalika ni kwamba waliiona ikiwa ukingoni, muda mfupi kabla ya kutoweka: sehemu angavu ya mwezi hulidanganya jicho kwa kuonekana imetuna kupita kipimo chake, kiasi kwamba anayekamilisha mviringo kwa kukisia huuchora mkubwa mno na kuiingiza ndani nyota iliyo nje. Aldebarani yenyewe iko mbali kiasi kwamba nuru waliyoiona watu hao ilikuwa imesafiri kwa takriban miaka 65.